Ufuko wa Nani? Mapumziko Kando ya Kivu Tangu Enzi za Kinyaga

Masika yakishakatika, mwanzoni mwa Juni, Rusizi huanza kupokea wageni. Wengine hushuka kutoka Kigali kwa mabasi yanayokata msitu wa Nyungwe, wengine kwa ndege inayotua Kamembe, na shule zikifungwa huja familia nzima, watoto wakiwa wamekwisha kuulizana ni nani atakayeingia majini kwanza. Hewa ya kiangazi hapa haifanani na ile ya kwenye mabango. Vumbi na moshi wa mashamba hutanda juu ya ziwa, na kisiwa cha Idjwi huonekana kama kivuli tu upande wa kaskazini. Anayetaka kuiona Kivu ilivyo hasa aje Aprili, dakika chache baada ya mvua kubwa, wakati Bukavu ng'ambo ya maji inapoonekana nyumba kwa nyumba, hata mabati yake unaweza kuyahesabu. Lakini Aprili njia za milimani huwa tope, na wageni hawaji.

Ziwa lenyewe linastahili sifa zake. Uso wake uko mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari, eneo lake ni kilomita za mraba zipatazo 2,700, na kina chake hupita mita 470. Maji yake hutokea kusini kwa mto Rusizi, ambao huporomoka makorongoni na kuteremka karibu mita 700 katika safari ya kilomita 117 hivi hadi Tanganyika. Mamba na viboko wanaowatisha waogeleaji wa Tanganyika si tishio Kivu. Huku juu usiku ni wa baridi na shuka moja haitoshi. Chini kabisa ya maji kuna gesi nyingi ya methani, inayovunwa tangu 2016 huko Karongi kwa ajili ya umeme, lakini anayeogelea pwani haijui wala haihisi.

Vitabu vya wasafiri huanza historia ya mapumziko ya hapa kwa Mzungu wa kwanza aliyevua viatu ufukweni. Nadhani huko ni kuanzia katikati ya hadithi. Ziwa hili lilikuwa na watu, na watu hao walikuwa na misimu yao ya kazi na ya kupumua. Ukifuata karne hii na robo kwa makini, utaona kwamba uzuri wa mahali haukubadilika sana. Kilichobadilika kila mara ni nani aliyeruhusiwa kuukalia ufuko, na kama daraja la Rusizi lilikuwa wazi.

Eneo lote hili, ambalo tangu 2006 limegawanywa kati ya wilaya za Rusizi na Nyamasheke, wazee huliita Kinyaga. Katika karne ya 19 lilikuwa pembe ya mbali ya ufalme wa Rwanda, na wakazi wake walikuwa na ndugu, wakwe na wateja wengi zaidi Bushi, ng'ambo ya ziwa, na Idjwi kuliko walivyokuwa nao katika kitovu cha ufalme. Maji yalikuwa barabara. Mitumbwi ilivusha mbuzi, majembe na vikuku vya nyuzi vilivyoitwa butega, vilivyosukwa na Watembo magharibi mwa ziwa na kuvaliwa miguuni na wanawake wa upande huu. Mwanahistoria David Newbury ameifuatilia biashara hiyo kwa undani, na Catharine Newbury akaandika juu ya Kinyaga yenyewe kitabu ambacho hadi leo sijaona cha kukishinda. Kiangazi, mtama ukishavunwa, ndicho kilikuwa kipindi cha harusi, cha pombe ya mtama na ya ndizi, cha kutembeleana kwa mitumbwi na kucheza igisoro, bao la huku, chini ya mti. Kama kuna kitu cha kuitwa mapumziko ya msimu kando ya Kivu, hicho ndicho cha kwanza, na hakikuhitaji hoteli.

Mfalme Kigeli IV Rwabugiri naye alilipenda ziwa, ila kwa namna yake. Hakuwa mtu wa kukaa pahali pamoja. Alihamahama kati ya makazi yake mengi, na kadhaa aliyajenga mwambao wa Kivu ili awe karibu na vita vyake. Idjwi aliiteka. Ilikuwa 1895, akiwa njiani kuishambulia Bushi, alipofariki ziwani huku. Kwa watu wa Kinyaga ujio wa mfalme ulikuwa na ngoma na ng'ombe wazuri wa kutazamwa, lakini pia ulimaanisha kulisha msafara mkubwa kutoka ghala zao. Hapo tunaona kwa mara ya kwanza jambo litakalojirudia: starehe ya mgeni mkubwa iliyobebwa na mgongo wa mwenyeji.

Mwaka mmoja kabla, 1894, Mjerumani Gustav Adolf von Götzen alikuwa ameivuka Rwanda na kuwa Mzungu wa kwanza kuifikia Kivu. Mwaka 1896 kikosi cha Dola Huru ya Kongo kilipiga kambi Shangi, kikalishinda jeshi la Rwanda lililoongozwa na Bisangwa, naye akauawa hapo. Wajerumani walichukua nafasi yao 1898. Mwaka huohuo alikuja daktari Richard Kandt, aliyekuwa akitafuta chanzo cha Nile. Alikifuata kijito cha Rukarara hadi ndani ya Nyungwe, kisha akajenga makazi karibu na Shangi akayaita Bergfrieden, yaani amani ya mlimani. Kutoka hapo alizunguka mwambao na kuuchora ramani. Maandishi yake, yaliyotoka 1904 kwa jina la Caput Nili, yaliwafundisha Wajerumani kuitazama Kivu kama mandhari, yaani kitu cha kukaa na kukitazama bila kukifanyia kazi. Mwaka 1907 mwana wa kifalme Adolf Friedrich wa Mecklenburg naye alipita na msafara wake wa wanasayansi, akaliona ziwa na msitu. Shangi leo iko Nyamasheke, na anayepita pale hakuti kibao cha kumkumbusha kwamba mapumziko ya Kizungu katika nchi hii yalianzia pembeni mwa uwanja wa vita.

Vitu viwili vya miaka hiyo vilidumu kuliko bendera ya Ujerumani. Cha kwanza ni misheni ya Mibirizi, iliyoanzishwa na Mapadri Weupe 1903, ambako miche ya mwanzo ya kahawa ya Rwanda ilipandwa. Aina ya kahawa ya Mibirizi bado ina jina hilo. Cha pili ni mpaka. Mkataba wa Brussels wa 1910 uliipa Ubelgiji, iliyokuwa ikiitawala Kongo, kisiwa cha Idjwi na ukaufanya mto Rusizi kuwa mstari. Ndugu waliokuwa wakitembeleana kwa mtumbwi jioni wakawa, kwa karatasi, watu wa nchi mbili.

Aprili 1916, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Wabelgiji walivuka na kuiteka Cyangugu, mji wa ukingoni upande wa Rwanda, wakabaki kwa zaidi ya miaka arobaini. Sasa pande zote mbili za mto zilikuwa chini ya bwana mmoja, lakini hazikulelewa sawa. Bukavu, iliyopewa jina la Costermansville 1927, ikajengwa kuwa mji wa fahari kwenye rasi zinazoingia ziwani kama vidole vya mkono. Maofisa na walowezi waliochoshwa na joto la bonde la Kongo waliletwa kupumzika huku, kwenye baridi ya usiku na bustani za maua, na matangazo yakaiita Kivu Uswisi ya Afrika. Zikaja hoteli, nguo za kuogea, mashua za tanga na safari za Jumapili za kwenda kula chakula cha mchana kando ya maji. Viwanja vya rasi vilikuwa vya Wazungu. Waafrika waliwekwa Kadutu, mlimani nyuma ya mji, ambako ziwa lilionekana vizuri sana bila kufikika.

Cyangugu katika mpango huo ilikuwa jikoni. Mashamba makubwa ya walowezi yalikuwa mengi Kinyaga kuliko karibu sehemu nyingine yoyote ya Rwanda, na vijana walioikimbia kazi ya lazima ya machifu walivuka kila wiki kutafuta ujira Bukavu: kufyeka, kujenga, kufua, kupika, kuwavuta wageni kwa makasia. Katika njaa ya Ruzagayura ya 1943 na 1944 watu walivuka wakitafuta chakula tu. Picha za zamani za Costermansville zinapendeza, nami siwalaumu wanaozikusanya. Ila natamani kila anayezitazama amtafute mtu aliyeshika kasia, ambaye jina lake halikuandikwa chini ya picha.

Mwishoni kabisa mwa ukoloni yalitokea mambo mawili yaliyobadilisha jioni za Kivu. Bwawa la umeme la Rusizi lilijengwa Mururu, kwenye maporomoko ambayo kwayo Hotel des Chutes ya Cyangugu ilipata jina lake. Na kati ya 1958 na 1960 samaki wadogo wa jamii ya dagaa waliletwa kutoka Tanganyika wakamwagwa Kivu, kwa sababu maji ya katikati ya ziwa yalikuwa hayana samaki wa kuvuliwa. Wakazaana ajabu. Ndio sambaza, au isambaza kwa Kinyarwanda, ambao mgeni wa leo hudhani walikuwepo tangu kuumbwa kwa ziwa.

Hapa naomba nikae kidogo, kwa maana uvuvi huu ndio kitu kizuri kuliko vyote vinavyoonekana Rusizi. Saa kumi na mbili jioni mitumbwi hutoka mitatu mitatu, imefungwa pamoja kwa miti mirefu ya mkaratusi inayochomoza mbele na nyuma. Wapiga makasia huimba, mmoja anaanza na wengine wanaitikia, na wimbo ndio unaoshika mwendo. Ukikatika, makasia nayo hupishana. Wakifika majini kwenye kina hushusha wavu na kuwasha taa. Zamani zilikuwa karabai zenye kuvuma, siku hizi ni balbu za betri na za sola. Samaki hufuata mwanga, nao hungoja, wakijifunika makoti mazito. Giza likiingia sawasawa, ziwa huwa kama limepata mji wa pili juu ya maji. Alfajiri samaki hushushwa kwa ndoo na kina mama huanza kubishana bei. Kufikia mchana ndio hao sahanini: wamekaangwa hadi wanavunjika mdomoni, na ndizi za kukaanga pembeni, ndimu, na tone moja la Akabanga, mafuta ya pilipili, maana matone mawili ni kujitafutia machozi.

Uhuru ulikuja, Kongo 1960 na Rwanda 1962, na mstari wa 1910 ukawa mpaka wa kweli. Miaka mitano baadaye mamluki wa Jean Schramme waliiteka Bukavu, wakakaa humo tangu Agosti hadi mwanzoni mwa Novemba 1967, kisha wakashindwa na kuvuka daraja la Rusizi kuingia Cyangugu, ambako walinyang'anywa silaha na kuzuiliwa hadi walipopelekwa kwao Ulaya mwaka uliofuata. Nyumba nyingi za rasini zilibaki na matundu ya risasi. Ulaya ya likizo iliondoka nao.

Baada ya hapo zilikuja karibu miongo miwili ambayo watu wa makamo wa Kamembe huizungumzia kwa upole. Hifadhi ya Kahuzi-Biega ilitangazwa 1970, na masokwe wake walizoezwa kutembelewa na wageni kabla ya wale wa Virunga upande wa Rwanda kuwa biashara kubwa. Watalii waliokwenda kuwaona walipita Cyangugu, wengine wakalala. Mwaka 1976 Rwanda, Burundi na Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, ziliunda jumuiya ya CEPGL, na karatasi nyepesi ya kuvukia ikatosha. Wikendi daraja lilipitika pande zote mbili: huku wakienda kwenye muziki wa Zaire na vitenge, kule wakija kwenye utulivu na nyama choma. Kiswahili ndicho kilichofanya kazi hiyo yote, Kiswahili cha Bukavu na cha Waislamu wa Kamembe, miaka mingi kabla ya Rwanda kukifanya lugha rasmi 2017. Kwa mara ya kwanza tangu zama za mitumbwi na butega, mwenyeji wa kawaida alikuwa naye mgeni wa likizo katika ziwa lake.

Halafu 1994, mwaka wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Anayeandika juu ya starehe Cyangugu hana haki ya kuupita mwaka huo kwa kuinamisha kichwa. Uwanja wa Kamarampaka, ambako vijana walicheza mpira na shule zilishindana mbio, ndiko walikokusanywa maelfu ya Watutsi katikati ya Aprili, wakiambiwa watalindwa. Majina yalisomwa, watu wakatolewa kwa makundi na kuuawa. Wengine waliosalia walihamishiwa kambi ya Nyarushishi. Jeshi la Ufaransa liliingia Juni na kuiweka Cyangugu ndani ya eneo la operesheni yake ya Turquoise hadi Agosti, na kwenye daraja lilelile wakavuka kwa mamia ya maelfu waliokimbia, raia wa kawaida na wauaji wakiwa katika msururu mmoja. Uwanja bado upo na mechi bado zinachezwa. Sioni ubaya wa watoto kucheza hapo. Naona ubaya pale ambapo mgeni anaoneshwa hoteli zote za mji na haambiwi kitu kuhusu uwanja anaoupita akielekea kwenye chakula cha jioni.

Vita vya Kongo vya 1996 na 1998 vikaufunga ufuko kwa namna nyingine, maana nani angepumzika huku akisikia mizinga ng'ambo? Ahueni ilipokuja, ilitokea upande wa msitu. Nyungwe, iliyokuwa hifadhi ya misitu tangu 1933, ikawa hifadhi ya taifa 2005. Haikuwa msitu mzima: nyati waliwindwa hadi wakaisha, na ndovu wa mwisho alikufa 1999. Lakini mbega bado walikuwa wakitembea kwa makundi ya mamia, pamoja na sokwe mtu, na ndege wa aina zaidi ya 300. Mwaka 2010 likafunguliwa Uwinka daraja la kuning'inia lenye urefu wa mita 160 hivi, ambapo unatembea juu ya vilele vya miti na kujua kwa magoti yako kama wewe ni jasiri. Kipande kidogo cha Cyamudongo, kilichotengwa na Nyungwe kwa mashamba, kiko ndani ya Rusizi kabisa na kina sokwe mtu wake. Kwa maoni yangu ndicho kinachostahili mapenzi zaidi, kwa sababu kinaweza kupotea. Septemba 2023 UNESCO iliiandika Nyungwe katika Urithi wa Dunia.

Ziwani nako njia zilifunguka. Njia ya Kongo-Nile, kilomita 227 kutoka Rubavu hadi Rusizi, hupita kwa miguu au baiskeli katikati ya migomba, kahawa na viwanja vya shule ambako watoto hukusindikiza hadi mpaka wa kijiji. Barabara ya lami ya mwambao iliunganisha miji yote mitatu ya ziwa, na mbio za baiskeli za Tour du Rwanda zikaanza kuitumia: Februari 2020 waendeshaji walifika Rusizi kutoka Huye na kesho yake wakaondoka kwenda Rubavu, zaidi ya kilomita 200 za kupanda na kushuka. Siku hiyo kando ya barabara hakukuwa na tiketi. Aliyelima na aliyevua walisimama pamoja wakipiga kelele, na hilo ndilo tamasha la nje ambalo wilaya hii imelipata bila mtu kuachwa nyuma ya uzio.

Wiki chache baadaye mipaka ilifungwa kwa ajili ya Korona. Hoteli za Kamembe na za ufukweni zikagundua Mnyarwanda. Wito wa kutembea nchi yako, uliokuwa ukitangazwa kwa miaka kadhaa, ukawa ndio tegemeo: maharusi, vikundi vya kanisa, wafanyakazi wa ofisi wenye semina ya siku mbili na kuogelea siku ya tatu. Wengine hupanda boti kwenda Nkombo, kisiwa cha Rwanda ambacho watu wake huzungumza Kihavu na wanaelewana na Idjwi bila mkalimani. Wengine huteremka Bugarama, tambarare yenye joto na mashamba ya mpunga, kwa ajili ya chemchemi za maji moto. Februari 2025 Bukavu ilipoangukia mikononi mwa waasi wa M23, biashara ya daraja iliyumba tena, na wale kina mama wanaovuka kila asubuhi na mabeseni ya mboga na samaki waliujua uzito wake kabla ya meneja yeyote wa hoteli.

Sheria ya Rwanda inataka mita 50 kutoka ukingo wa ziwa ziachwe bila kujengwa wala kulimwa. Ni sheria nzuri kwa maji na kwa udongo. Lakini mkulima aliyeondolewa kwenye mita hizo anaziona leo zikiwa nyasi zilizokatwa vizuri mbele ya hoteli, na lango lenye mlinzi. Mwogeleaji wa Kamembe asiye na bei ya soda ya hotelini hutafuta mwanya kati ya ua na ua. Wilaya ikitaka, inaweza kutenga sehemu za mita hizo 50, karibu na mji na karibu na gati la Nkombo, zikawa za kila mtu: ngazi za mawe, choo, kivuli, mtu wa kuokoa wanaozama. Na kuna msimu unaofaa kuanzia. Kila mwaka uvuvi wa sambaza hufungwa kwa takriban miezi miwili, tangu Agosti, ili samaki wakue. Ndio wakati wageni wa kiangazi bado wapo, na mitumbwi mitatu mitatu imevutwa nchi kavu. Wavuvi wanaolijua ziwa kwa giza na kwa upepo wake walipwe wakati huo kuwafundisha watoto wa Rusizi kuogelea na kupiga kasia, katika maji ambayo babu zao walivusha wengine kwa zaidi ya miaka mia.